Ua Jeupe kwa Aliye Hai

Siku ya Mama iliingia katika nyumba ile kwa mlango wa kifungua mimba. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na habari nayo. Watoto walimkumbuka mama yao walipoumwa, walipokosa mtu wa kuwashikia watoto wao, na walipotaka kuazima sufuria kubwa. Kisha kifungua mimba akapata kazi katika ofisi ya bima, akapewa meza yenye droo ya kufunga kwa ufunguo, akaanza kurudi na mambo. Siku ya Mama ilikuwa mojawapo. Nduguze walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna kikao cha ukoo alichokubali kukaa kama mjumbe wa kawaida, na yeye jina hilo alilipokea kwa moyo mkunjufu bila kuhisi kwamba anachekwa.

Mama mwenyewe aliitwa Mama Pasi. Jina hilo lilikuwa la kazini, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Mashuka ya hoteli yalinyooshwa na mashine, ile yenye marola ya moto inayomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili, lakini vitambaa vya meza vyenye tarizi na leso za wageni wakubwa havikukabidhiwa mtu mwingine ila yeye. Alijua kitambaa kipi kinataka wanga na kipi ukikitia wanga umekiua. Mvuke ulikuwa umemlainisha uso na kumkomaza vidole, hata vyombo vya moto aliviepua bila kitambaa na wakwe zake wakabaki kumshangaa.

Wiki ile hoteli ilitangaza chakula cha mchana cha Siku ya Mama, na meza zote zikachukuliwa mapema. Chumba cha kufulia kikageuka tanuri. Karibu kila mwanamke aliyefanya kazi mle alikuwa mama wa mtu, na wote waliongezewa zamu ili mama za watu wengine wale juu ya vitambaa vilivyonyooka. Mama Pasi peke yake ndiye aliyepewa ruhusa ya Jumapili, baada ya kumganda msimamizi wiki nzima mpaka yule bwana akachoka kumwona.

Lakini hakuiomba Jumapili ile kwa ajili ya sherehe. Aliiomba kwa ajili ya mama yake mzazi.

Ndiyo, alikuwa na mama. Watu wakimwona Mama Pasi na mvi zake, na wajukuu wake wanaomnyang'anya simu, hawakufikiria kwamba naye ni mtoto wa mtu. Mama yake alikuwa kikongwe wa kuvutwa mkono, macho yamebaki kuona mwanga na giza tu, akiishi mji wa pili na wifi wa Mama Pasi, yaani mjane wa kaka yake. Bibi kizee huyu hakuwa na makuu. Alikula alichopewa, alilala alipowekwa. Jambo moja tu alilikazania kama mtoto: nywele zake. Alikuwa bado na nywele nyingi, nyeupe pepepe, na hakutaka zisukwe na mkono mwingine isipokuwa wa binti yake. Tangu Mama Pasi alipokuwa msichana, wawili hao walikuwa wakisukana, leo mimi kesho wewe, na yote waliyowahi kuambiana ya maana katika dunia hii waliambiana mmoja akiwa amekaa chini na kichwa chake kikiwa katikati ya magoti ya mwenzake.

Wifi mtu alipiga simu mwanzoni mwa wiki. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Wifi, mama'ko nywele zimejisokota mpaka kitana hakipiti. Anajikuna usiku kucha. Nikimgusa analia kama namchinja."

"Nakuja Jumapili, wifi yangu. Safari hii nakuja kweli."

"Jumapili ipi? Maana Jumapili zako nazisikia tangu mwaka jana."

"Hii hii. Nimeshaomba ruhusa."

"Haya. Nitamwambia. Ila ujue nikimwambia anakaa mlangoni tangu asubuhi."

Mama Pasi alikata simu akiwa na haya. Kweli ilikuwa mwaka mzima. Si kwamba alimsahau mama yake. Kila Jumapili ilipokaribia ilitokea zamu, au mjukuu mwenye homa, au kikao cha Mwenyekiti, naye akasema wiki ijayo, kwa kuwa mama ni mtu ambaye ukimwambia wiki ijayo hakasiriki. Safari hii alinunua mafuta ya nywele na kitana cha meno mapana, akavitia mkobani, akautundika mkoba nyuma ya mlango.

Siku mbili baadaye Mwenyekiti akapiga simu. Alikuwa amechangamka kupita kiasi.

"Mama, Jumapili usiende popote! Tunakuja wote kwako, tunakusherehekea. Bosi wangu na mkewe nao wanakuja. Siku hiyo wewe ni malkia, hugusi kitu."

"Jumapili hiyo mwanangu nilitaka kwenda kwa mama..."

"Kwenda wapi tena? Mama, nimeshawaalika watu! Unataka nionekane kichekesho?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema hapana. Alikuwa na umri wa kusema hapana, na mwili wa kusema hapana, na mbele ya pasi aliwahi kumwambia meneja mzima hapana. Lakini mbele ya mtoto wake wa kwanza ulimi ulikuwa mzito. Akajipa moyo kwamba wageni wakishakula atachomoka, mabasi ya mchana yapo. Akasema, "Haya, baba."

Jumapili malkia aliamka kabla ya jogoo. Kwa sababu maneno "hugusi kitu" yalikuja bila mpishi. Binti yake, yule wa pili, alituma ujumbe kwamba ataleta keki na maua, na kitinda mimba akasema ataleta spika. Nyama hakuna aliyeitaja, wali hakuna aliyeutaja, na bosi wa bima hawezi kulishwa spika. Mama Pasi akawasha moto, akakata vitunguu, akafagia uwanja, akakunjua kitambaa chake kimoja kizuri na kukipiga pasi, kwa mazoea tu, maana mkono ulikuwa hauoni meza tupu ukatulia.

Walipofika, magari yakajipanga moja nyuma ya jingine mpaka geti likazibika. Walimkumbatia, wakamwambia anapendeza, wakamvisha gauni la kitambaa kilekile walichoshona wote. Kisha binti akafungua boksi la maua. Yalikuwa maua ya kubandika kifuani kwa pini, mengine mekundu na mengine meupe. Mwaka ule Mwenyekiti alitaka mambo yafuate asili yake: mwenye mama hai avae jekundu, aliyefiwa na mama avae jeupe. Binti akaanza kuzunguka na pini zake mdomoni kama fundi. Wajukuu, mekundu. Mwenyekiti, jekundu. Mke wa Mwenyekiti, ambaye mama yake alifariki zamani, jeupe. Alipofika kwa mama yake, binti alichukua ua bila kusita, akamrekebisha kola, akambandika.

"Umependeza, Mama."

Mama Pasi akatazama kifuani kwake. Jeupe.

Alidhani binti atashtuka mwenyewe. Pengine ameteleza tu, atageuka, atapiga kelele ya "haa, jamani!" Binti hakugeuka. Akaenda kwa mke wa bosi. Mama Pasi akabaki na bakuli la wali mikononi na kitu cheupe kifuani, akijisemea kwamba kuna watoto watatu hapa, mmoja ataona. Akawapitia wote na bakuli lile. Kitinda mimba akamwambia aongeze. Hakuna aliyeona.

Wakala. Chakula kilipokwisha, Mwenyekiti akasimama na kugonga glasi kwa kijiko. Hotuba ya asili ya Siku ya Mama waliijua wote, kwa kuwa aliitoa kila mwaka, ila safari hii aliitoa akimtazama bosi.

"Ndugu zangu, siku hii haikuanguka kutoka mbinguni," alisema. "Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nchi ya mbali, alikuwepo mwanamke aliyefiwa na mama yake. Akafanya ibada ya kumkumbuka, akagawa maua meupe, kwa sababu mama yake aliyapenda. Akaandika barua kwa wakubwa, akawasumbua, mpaka siku ikatambuliwa. Basi wauza maua na wauza kadi wakaona biashara. Yule mwanamke akaja juu! Akapigana nao mpaka uzeeni. Alisema yeye hakutaka kadi za kununua, alitaka watu wawaandikie mama zao kwa mkono wao, waende nyumbani kwao wakawaone." Akacheka. "Alikuwa mkali kidogo. Na mwenyewe hakuwa na hata mtoto mmoja."

Watu wakacheka naye. Mama Pasi alikuwa ameisikia hotuba ile kila mwaka akiwa na mawazo jikoni. Mwaka huu aliisikiliza. Kumbe aliyeanzisha hakuwa mama wa mtu. Alikuwa mtoto wa mtu, basi, aliyemtaka mama yake.

"Ndiyo maana leo tumevaa maua," Mwenyekiti aliendelea. "Mimi jekundu, maana mama yangu yu hai, huyo hapo, Mungu amzidishie. Mke wangu jeupe. Na Mama naye jeupe, kwa ajili ya Bibi yetu mpendwa aliyetutangulia. Tusimame kidogo tumkumbuke Bibi."

Wakasimama. Bosi akasimama. Mkewe akainamisha kichwa kabisa, maskini, kwa kikongwe asiyemjua aliyekuwa wakati ule amekaa mlangoni mji wa pili akisikiliza hatua za wapita njia. Mama Pasi hakusimama.

"Mama yangu hajafa," alisema.

Hakusema kwa sauti, lakini watu walikuwa kimya kumkumbuka marehemu, kwa hiyo walisikia wote.

Mwenyekiti akakunja uso. "Mama, si tulimzika? Mwaka juzi? Si mimi nilisoma wasifu?"

"Uliyemzika ni mama wa baba yenu. Mama yangu mimi yupo. Nilikwambia juzi kwenye simu kwamba nakwenda kumwona."

Kitinda mimba akapasuka kicheko. Hakukusudia ubaya, kilimponyoka tu, lakini kicheko ni kama mlango, mmoja akishaufungua wengine wanapita. Binti akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, tumemzika Bibi yu hai!" Wajukuu wakacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Bosi akatabasamu kwa heshima, na Mwenyekiti alipoona bosi anatabasamu akashusha pumzi, akacheka kuliko wote, akimpigapiga mama yake begani.

"Basi yaishe! Mbadilishieni ua, tukate keki."

Binti akaja mbio na ua jekundu, machozi ya kucheka bado yakimlengalenga. Akachomoa jeupe, akachomeka jekundu palepale kwenye tundu la pini ya kwanza. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo. Na kwao jambo lilikuwa limekwisha.

Mama Pasi alijua hasira; miaka yote ya kuishi na mvuke na wasimamizi ilimfunza kuimeza. Hii haikumezeka. Iliuma kuliko matusi, kwa sababu matusi mtu huyafikiria kwanza. Alichomoa lile jekundu naye, akaliweka kando ya keki, akaingia ndani akachukua mkoba wake nyuma ya mlango.

"Mama, unakwenda wapi?" Mwenyekiti alimfuata hadi uwanjani, sauti ameishusha ili wageni wasisikie.

"Kwa mama yangu. Nipelekeni."

Watoto wakatazamana. Gari la kitinda mimba lilikuwa ndani kabisa, limezibwa na la binti. Gari la binti lilizibwa na la Mwenyekiti. La Mwenyekiti lilizibwa na la bosi, na bosi hawezi kuambiwa asogeze gari kabla ya keki.

"Tutakwenda wote, Mama, tutapanga. Tutamchangia na zawadi kabisa. Ila leo, jamani, leo ni siku yako!"

"Kama ni yangu, niachieni."

"Sasa nitawaambia nini wageni?"

"Waambie umenizika."

Akatoka getini akijibana ubavu kati ya magari yao. Nyuma yake alisikia Mwenyekiti akimwambia mtu kwamba mama amechoka kidogo, anapumzika, atarudi sasa hivi.

Ndani ya basi alikaa dirishani na gauni lake la sherehe, na abiria wa pembeni akamtakia heri ya Siku ya Mama. Akaitikia asante. Simu ililia njia nzima. Mara ya kwanza alidhani watoto wamejutia. Alipoipokea, binti akamuuliza kisu kirefu cha keki anakiweka wapi. Akamwelekeza. Alijichukia kwa kumwelekeza, lakini alishamwelekeza, droo ya pili, chini ya vitambaa. Kisha akaizima, akaanza kupanga kazi. Kwanza atazilowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu. Kisha mafuta, fungu kwa fungu, kitana kianzie nchani, asivute. Itachukua mchana wote, na wala hana haraka. Atamwambia mama yake habari ya lile ua. Mama yake atakasirika kwanza, halafu atacheka, na kicheko cha mama yake kingemwondolea kile cha wanawe masikioni.

Wifi yake alikuwa kibarazani akichambua mchele kwenye ungo. Alimwangalia kuanzia gauni hadi viatu.

"Karibu, mgeni," alisema.

"Wifi, usinianze. Yuko wapi?"

"Ndani. Jua lilimchosha, nimemwingiza." Akatoa chuya, akaitupa. "Pita tu."

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti na dirisha moja. Bibi kizee alikaa ukingoni mwa kitanda, uso kwenye mwanga. Mama Pasi alisimama kwenye kizingiti, na kwa muda hakumjua. Alidhani ni mzee mwingine, mwanamume. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, kinang'aa, kidogo sana, na masikio yamejitokeza pande zote mbili.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

Uso wa kikongwe ukafunguka. "Ahaa! Umekuja! Nilimwambia wifi yako haji, leo ni ile siku wanawe wanamfanyia sherehe kila mwaka. Wamekuachiaje?"

Mama Pasi akapiga magoti mbele yake. Alitaka kukigusa kile kichwa na aliogopa kukigusa. "Mama, nywele zako. Nani kakunyoa?"

"Kinyozi wa hapo njiani. Juzi. Mwenyewe nilimwambia wifi yako amwite." Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililomchoma mwanawe. "Zilikuwa zinaniuma, mwanangu. Zilishikana zote zikawa kitu kimoja, nikilala kama nimelalia jiwe. Nikasema nisikusumbue, una kazi, una watoto. Sasa kichwa chepesi."

"Nilikuwa nakuja, mama. Nimeleta na mafuta. Nilimwambia wifi Jumapili."

"Najua. Aliniambia."

Nje wifi mtu alikuwa akipepeta, na mchele ulisikika ukirushwa na kudakwa.

"Ni mtu mwema, yule kinyozi," bibi kizee aliendelea. "Nilidhani nitalia. Akanishika hivi." Akajishika mwenyewe kwa viganja viwili, taratibu, akaonyesha. "Ana mikono ya moto, kama yako. Basi nikafumba macho, nikajifanya ni wewe. Nikamsimulia mambo yangu yote."

Mama Pasi akafungua mkoba, akatoa chupa ya mafuta, akamimina kidogo kiganjani kwa kukosa la kufanya.

"Acha, mama, alishanipaka," bibi kizee alisema aliposikia harufu. Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa binti yake, akaushika ukiwa na mafuta yake. "Kaa tu. Gari la kurudi ni saa ngapi? Usije ukachelewa, kesho una kazi."

Mama Pasi akamtajia saa.